Mkono wa Serikali Ukiwa Mrefu Mno



Kila msimu bei ya mahindi inapoanguka, kilio katika mikutano yetu ni kile kile: "Serikali ifanye kitu!" Tunataka serikali ipange bei, ifunge mpaka, ilete mbolea, iwafukuze mabroka. Ni kilio cha haki, maana mkulima anaumia. Lakini kuna watu wanaotuambia tufikiri kwanza kabla ya kulia hivyo. Wanasema mamlaka unayoipa serikali leo ili ikusaidie, ndiyo hayo hayo yatakayokufunga mikono kesho.

Je, wana haki? Katika makala haya tutaeleza hoja yao, tutaipima kwa mambo yaliyotokea hapa kwetu Kenya, halafu tutaona inafika wapi na inaishia wapi. Someni pamoja katika kikundi, na mwisho kuna maswali ya kujadili.

WATU HAWA WANASEMA NINI?

Tuwaite watetezi wa uhuru wa mtu. Wao wanaamini kwamba kila mtu ni mwenye nafsi yake, kazi yake na mali yake. Serikali isimlazimishe mtu jambo lolote ila kwa sababu nzito, yaani kuzuia wizi, udanganyifu na mtu kumdhuru mwenzake. Ikipita hapo, wao huanza kuuliza maswali.

Hoja hii si ya jana. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Samweli wa Kwanza, sura ya 8. Wazee wa Israeli walidai wapewe mfalme kama mataifa mengine. Samweli akawaonya kwamba mfalme huyo atawachukua vijana wao wawe askari, atachukua mashamba yao mazuri, na atachukua sehemu ya kumi ya nafaka yao. Hawakusikia. Mwaka 1776 mwandishi Thomas Paine aliitumia sura hiyo katika kijitabu chake "Common Sense", akiwashawishi watu wa Marekani wamkatae mfalme wa Uingereza.

Katika karne ya 20 wasomi waliongeza sababu zao. Friedrich Hayek, mzaliwa wa Austria, aliandika mwaka 1945 kwamba maarifa yanayohitajika kuendesha uchumi hayako mahali pamoja, yametawanyika kwa watu wengi. Kwa lugha yetu: ofisa aliye Nairobi hawezi kujua kwamba shamba lako la chini hushika maji, au kwamba duka la jirani limeishiwa mbegu. Wewe unajua. James Buchanan wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1986, alisema mtu akiingia ofisi ya serikali hageuki malaika. Naye ana tumbo, ana jamaa, na anataka kupandishwa cheo.

Peter Bauer alichunguza biashara ya Afrika Magharibi na kutoa kitabu mwaka 1954. Alionyesha jinsi bodi za serikali, zilizosema zinamlinda mkulima wa kakao, zilivyomlipa bei ya chini sana kuliko ile kakao ilipouzwa ng'ambo. Hapa Kenya anayejulikana zaidi kwa hoja hizi ni James Shikwati. Mwaka 2005 aliliambia gazeti la Ujerumani la Der Spiegel kwamba misaada ya nchi tajiri inaiumiza Afrika kuliko kuisaidia.

Haya, maneno ni maneno. Tuangalie mambo yalivyokuwa.

HADITHI YA KWANZA: ARDHI YA MACHAKOS

Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni walitazama vilima vya Ukambani wakaona udongo unachukuliwa na maji. Hilo lilikuwa kweli. Wakaamua kwamba kosa ni ng'ombe kuwa wengi. Mwaka 1938 serikali ikaanza kuchukua ng'ombe wa watu kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni. Wengi wa ng'ombe hao walipelekwa kwenye kiwanda cha nyama kule Athi River. Hakuna aliyewauliza wenye mifugo kama ng'ombe kwao ni benki, ni mahari na ni chakula wakati wa njaa.

Watu wakaongozwa na Muindi Mbingu, wakatembea kwa miguu mpaka Nairobi, wanaume, kina mama na watoto, wakakaa huko wakidai kumwona Gavana. Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Lakini mwishowe serikali ililazimika kuacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ikaja na amri nyingine: watu watoke kuchimba matuta ya kuzuia udongo, watake wasitake, chini ya macho ya chifu. Matuta yakachimbwa kweli, lakini kwa chuki. Kule Murang'a kina mama waligoma kabisa kazi hiyo miaka ya 1947 na 1948. Hata uhuru ulipokaribia, mahali pengi matuta yaliachwa yabomoke, kwa sababu yalinuka ukoloni.

Sasa angalieni yaliyofuata. Baada ya uhuru, bila kiboko, watu wa Machakos walirudi kwenye matuta wao wenyewe. Vikundi vya mwethya, vingi vikiwa vya kina mama, vilikwenda kwa zamu: leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Walipenda aina ya "fanya juu", ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, kwa sababu ilishika maji na mahindi yakaonyesha tofauti. Walikuwa na shamba la kuita lao, na walikuwa na soko la kahawa, matunda na mboga.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao juu ya Machakos kuanzia 1930 mpaka 1990. Walikuta kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado udongo ulikuwa umehifadhiwa vizuri kuliko zamani na mavuno kwa kila mtu yalikuwa yamepanda.

Watetezi wa uhuru wanasema: mnaona? Matuta ni yale yale na kilima ni kile kile. Mtu akilazimishwa, jembe linakuwa zito. Akiona faida yake na ya watoto wake, hahitaji chifu wa kumwamsha.

HADITHI YA PILI: GUNIA LA MAHINDI

Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya kikoloni ilichukua biashara yote ya mahindi mikononi mwake. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri, nayo ni kuhakikisha chakula kinatosha. Lakini mlowezi wa Kizungu alilipwa bei ya juu kuliko Mwafrika. Waliokuwa karibu na ofisi ndio waliopanga bei, na walijipangia vizuri.

Vita vikaisha mwaka 1945, lakini udhibiti haukuisha. Hata uhuru ulipokuja mwaka 1963, mamlaka yale ya mlowezi hayakuvunjwa, yalibadilisha wenyewe tu. Mwaka 1965 mahindi yakaadimika, na serikali ikalazimika kuunda tume ya kuchunguza uhaba huo na malalamiko juu ya biashara ya mahindi. Mwaka 1979 ikaundwa Bodi ya Nafaka tunayoijua, NCPB.

Wazee wetu wanakumbuka maisha ya wakati ule. Kusafirisha magunia kupita kiasi kidogo kilichoruhusiwa, kutoka wilaya moja mpaka nyingine, kulihitaji kibali. Ukiwa na mahindi Kitale na dada yako ana njaa Machakos, huwezi tu kupakia gari ukaenda. Barabarani kuna vizuizi vya polisi. Mwenye kujuana na wakubwa alipata kibali. Asiyejuana na mtu alitoa kitu kidogo, au aliuza kwa bei ya kutupa hapo hapo kijijini. Na aliyeipelekea bodi mahindi yake mara nyingi alisubiri malipo miezi mingi, wakati karo ya shule haisubiri.

Masharti hayo yaliondolewa mwisho wa mwaka 1993, chini ya shinikizo la wafadhili wa nje. Baada ya hapo mtu yeyote angeweza kununua mahindi mahali yalipo mengi na kuyauza mahali yalipo machache. Katika miji, watu wengi wa mapato madogo walianza kununua mahindi wenyewe na kusagisha kwenye posho mill ndogo, kwa gharama nafuu kuliko unga wa pakiti.

Lakini bodi ilibaki, na mamlaka ya kugawa yalibaki nayo. Mwaka 2009 nchi ilitikisika kwa kashfa ya mahindi ya akiba kugawiwa watu wasio na kinu wala duka, wakati wananchi wana njaa. Mwaka 2018 ikafichuka kwamba wafanyabiashara wachache walilipwa pesa nyingi na bodi huku wakulima wadogo wakilia hawajalipwa. Mwaka 2024 mbolea isiyofaa ilipatikana ndani ya mpango wa mbolea ya ruzuku, iliyouzwa kupitia maghala ya bodi hiyo hiyo. Mkulima aliamini gunia kwa sababu lilitoka mkono wa serikali. Hapo watetezi wa uhuru wanauliza: serikali ikiwa ndiyo muuzaji, nani atamkagua muuzaji?

KUBADILISHA DEREVA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Hapa ndipo watu hawa wanapogombana na wanasiasa wa kila upande. Kwao, siasa ya kawaida ni mashindano ya kushika usukani. Huyu anasema, "Nipeni mimi, yule ni mwizi." Yule anajibu vivyo hivyo. Hakuna anayesema, "Nikiingia nitapunguza nguvu za kiti hiki."

Tuchukue mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa na mpango wa kuwapa wanaouza bidhaa ng'ambo fidia, ili nchi ipate pesa za kigeni. Kampuni ya Goldenberg ikaahidiwa asilimia 35 kwa dhahabu na almasi, wakati Kenya ina dhahabu kidogo tu na almasi haichimbwi hapa. Mabilioni ya shilingi yakapotea. Desemba 2002 wananchi wakaiondoa KANU baada ya karibu miaka 40, wakicheza na kuimba. Mwaka 2003 tume ikaundwa kuchunguza Goldenberg. Lakini mwaka 2004 nchi ikaanza kusikia habari za Anglo Leasing, mikataba ya siri ya mabilioni kwa makampuni yasiyojulikana yaliko. Wengine walikuwa wapya ofisini, lakini mlango ulikuwa wazi kama zamani: ofisa anaweza kutoa pesa za umma bila wenye pesa kujua.

Fundisho lao ni hili. Usiulize tu, "Mtu huyu ni mwema?" Uliza pia, "Mamlaka haya yakiangukia mtu mbaya, atatufanya nini?"

HOJA YAO INAISHIA WAPI?

Tusiwe watu wa kumeza kila kitu. Mambo mengine hoja hii haiyafikii.

Kwanza, njaa. Katika ukame wa miaka ya 1980 Wakamba waliita njaa yao "nikwa ngwete", maana yake, ninakufa na pesa mkononi. Soko halileti chakula kwa kuwa mtu ana njaa. Huleta mahali penye faida na barabara. Mwaka 1984 serikali ya Kenya iliwahi kuagiza mahindi ya manjano mapema kutoka nje, na maisha ya wengi yaliokolewa. Kazi hiyo hakuna kikundi cha kijiji ambacho kingeiweza.

Pili, shule. Januari 2003 karo ya shule za msingi ilipoondolewa, zaidi ya watoto milioni 1 wapya waliingia darasani. Hao hawakukosa bidii hapo awali. Wazazi wao hawakuwa na pesa.

Tatu, mwenye nguvu si serikali peke yake. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum. Uhuru huo ulitupa usafiri mpaka vijijini, na watetezi wa uhuru wanausifu. Lakini ulitupa pia magari ya kujaza watu kama viazi, na ajali. Mwaka 2004 Waziri John Michuki alilazimisha mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Wengi walinung'unika, lakini ni mama gani hakushukuru? Na yule broka anayekuja na gunia la kushindilia mpaka linavimba kama mwenye mimba, halafu anakulipa bei ya gunia moja, huyo naye ni mtawala mdogo. Dawa yake ni mizani ya haki na sheria ya kuilinda.

Hata Machakos, watu hawakuwa peke yao. Barabara ya kufika Nairobi na mabwana shamba wa kuwaonyesha mbinu walilipiwa na kodi. Tofauti ni kwamba bwana shamba alikuja kufundisha, hakuja na askari.

Basi sisi tunaona hivi: tatizo si serikali kuwepo. Tatizo ni mamlaka yasiyo na mpaka, yasiyo na mtu wa kuyauliza, na yasiyompa mwananchi nafasi ya kusema hapana.

KIKUNDI CHENU KIFANYE NINI?

Mpango wowote ukiletwa, uwe wa serikali kuu, wa kaunti, wa mbunge au hata wa shirika la misaada, uupimeni kwa maswali haya manne:

1. Ni nani anayeamua? Je, ana shamba hapa, au atapata mshahara wake hata mpango ukishindwa?

2. Ni nani anayelipa? Cha bure hakipo. Kama si mchango wetu, ni kodi yetu, au ni deni la watoto wetu.

3. Tukikataa, itakuwaje? Harambee ya kweli mtu huenda kwa miguu yake. Ile ambayo kuku wa mjane anakamatwa kwa sababu hakutoa mchango haikuwa harambee, ilikuwa kodi bila risiti. Sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 iliwazuia kutumia ofisi zao kukusanya harambee.

4. Ni nani anayekagua? Mpaji na mkaguzi wasiwe mtu mmoja.

Tena tumieni haki mlizo nazo. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha kwanza kabisa kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 35 kinawapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kukutana kwa amani. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 1997 mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya D.C. Siku hizi sheria inataka taarifa tu kwa polisi. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa ofisi ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ofisa akiwaambia "haiwezekani", ombeni kwa adabu aandike kwa nini haiwezekani. Mara nyingi kalamu ikitajwa, mambo huanza kuwezekana. Na kifungu cha 201 kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Basi mkiitwa kwenye mkutano wa bajeti ya kaunti, msiende kwa soda na nauli. Nendeni na orodha.

Na msisubiri kila kitu kitoke juu. Kikundi kikinunua mizani yake, broka hapimi kwa macho. Kikundi kikikausha mahindi vizuri na kuyaweka pamoja, hakilazimiki kuuza siku ya mavuno wakati bei iko chini. Sheria ya mwaka 2019 ya stakabadhi za ghala inaruhusu mkulima kuweka nafaka katika ghala lililosajiliwa, apewe stakabadhi, na stakabadhi hiyo aitumie kuomba mkopo akingoja bei nzuri. Ulizeni kama kuna ghala la namna hiyo karibu nanyi. Someni masharti na ada zake kabla ya kupeleka gunia hata moja.

Jambo la mwisho ni letu sisi wenyewe. Mwenyekiti wa kikundi naye ana mamlaka. Kama yeye ndiye anashika daftari, anashika pesa na anaamua nani akopeshwe, basi tumejenga serikali ndogo yenye makosa yale yale. Daftari lisomwe mbele ya wote. Mwekahazina asiwe mkaguzi. Viongozi wabadilishwe kwa wakati. Na mwanachama akitaka kutoka, apewe haki yake atoke kwa amani. Tukishindwa kupunguza mamlaka ya mtu mmoja chini ya mwembe, tutawezaje kupunguza ya wakubwa Nairobi?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni kazi gani hapa kwetu watu waliifanya kwa kulazimishwa, na ni ipi waliifanya kwa hiari? Ipi ilidumu, na kwa nini?

2. Wazee watueleze: kibali cha kusafirisha mahindi kilipatikana namna gani? Ni nani aliyefaidika?

3. Tukidai serikali ipange bei ya mahindi, itakuwaje mwaka ambao ofisa mpangaji anataka bei ya chini ili watu wa mjini wafurahi?

4. Ni jambo gani hapa kwetu ambalo sisi hatuliwezi bila serikali? Na ni lipi tumekuwa tukilingoja bure ilhali tunaliweza?

5. Katika kikundi chetu, ni nani anaweza kumwambia mwenyekiti hapana?